Upinde mfupi wa kuwindia vichakani: chukua upi, acha upi

Wadau, kila mtu anayeniuliza kuhusu upinde wa asili, ule usio na puli wala darubini, anaanza na swali moja tu, "mfupi kabisa ni upi?" Hapo ndo watu wanapopigwa.

Upinde ukiwa mfupi sana, ukivuta ugwe unakunjika pembe kali hadi vidole vinabanana kwenye mshale, halafu zile inchi za mwisho unakuwa mzito ghafla kama umegonga ukuta. Kwa hiyo kabla hujatuma hela nyoosha mikono yote miwili ukutani, pima kuanzia ncha ya kidole cha kati huku mpaka cha kule, gawa kwa 2.5. Mimi napata sentimita 178, ukigawa ni kama 71, yaani mvuto wangu (umbali ninaovuta ugwe) ni kama inchi 28.

Namba moja kwangu ni haibridi ya inchi 58 mpaka 60, yaani mchanganyiko wa longbow (upinde mrefu ulionyooka wa kizamani) na rikavu (wenye ncha zilizokunjwa kwenda mbele). Ukiitazama kwa ubavu, mikono yake, yaani zile mbawa mbili juu na chini ya kishikio, inaanza kurudi kwa mpigaji halafu ncha zinakwenda mbele, na hilo umbo ndo linafanya upinde mfupi uvutike laini, mshale uende kasi na mkono usitetemeke sana ukiachia. Bei imesimama, sikatai, lakini kwenye chaka la miiba hutajuta.

Namba mbili wazee wa asili watanizomea: rikavu ya kufungua vipande vitatu, kama Samick Sage ya inchi 62. Sio longbow, sawa, ila unaitia kwenye begi unapanda zako daladala la Mbagala bila kondakta kukuuliza hiyo fimbo ya nini, na unaweza kuanza na mikono ya paundi 30 (uzito wa kuvuta) ukizoea ukanunua mingine ya 45 bila kubadili kishikio.

Tatu, longbow ya inchi 64, mfano Bear Montana, hii ni ya wenye mikono mirefu. Zile za 66 hadi 68 tamu sana kupiga, zimetulia, zinakusamehe makosa, lakini mimi yangu ya kwanza ilikuwa 68 na nikipiga goti ncha ya chini inachota mchanga, nikikaa kwenye kibanda cha kuvizia ncha ya juu inakwaruza paa, mnyama kashasikia kasepa.

Za inchi 52 ni za wenye mvuto mfupi au wazoefu. Na wa kuchonga kwa mti mtupu usiukate mfupi hivyo, kwa mvuto wa inchi 28 ukishuka chini ya 60 unautafutia kuvunjika, halafu unyevu wa Dar mti unaunywa, upinde unalegea na kubaki umepinda.

Uzito wa kuvuta je? Paundi 40 mpaka 45 zinatosha kwa swala. Ile namba iliyoandikwa imepimwa kwenye inchi 28, kila inchi unayopungukiwa toa paundi 2 au 3, kwa hiyo mwenye mvuto wa 26 akinunua 45 mkononi anashika kama 40 hivi. Mshale uwe mzito, kadiria gramu 29 kwa upinde wa paundi 45, mwepesi sana unaua upinde wenyewe. Usiuache kwenye gari juani, gundi ya matabaka inaachia. Na leseni lazima, ukikamatwa huna wewe ni jangili tu hata kama umeshika upinde na sio bunduki, Sheria ya Wanyamapori ya 2009 haina utani.

Kama bado hujui urefu gani, kata mianzi miwili, mmoja inchi 58 mwingine 66, kaa kwenye kigoda korido ya nyuma ya nyumba, shika katikati kama unavuta, geuka kushoto geuka kulia. Ule unaogonga ukuta usiuagize.