Mitetea "tayari kutaga": kabla hujatoa pesa, washike nyonga

Anayetaka mayai ya nyumbani bila kulea vifaranga ana njia moja ya mkato, nayo ni kununua mitetea wanaokaribia kutaga. Sokoni, kwenye magrupu ya WhatsApp na kwa wafugaji wa pembeni mwa mji wanatangazwa kwa maneno yale yale: wiki 18, wamechanjwa, tayari kutaga. Kwa mwenye banda la kuku sita hadi ishirini, bidhaa hii tunaipa alama nzuri. Tatizo lake ni hilo neno "wiki 18". Halina maana mpaka ujue ni wiki 18 za kuku gani.

Kuku wa mayai wa kisasa, mfano ISA Brown, akilelewa vizuri, nusu ya kundi lake huwa linataga ifikapo siku ya 145 hivi, yaani kuelekea wiki ya 21. Kwa huyo, wiki 18 kweli ni mlangoni. Sasso na Kuroiler ni kuku wa nyama na mayai kwa pamoja, miili yao ni mizito, na wengi huanza kati ya wiki ya 20 na ya 24. Kienyeji halisi anayejitafutia uani huchukua miezi sita hadi minane, na kuchi, yule kienyeji mrefu wa kupigana, huwa hana haraka kabisa. Muuzaji anaweza kusema kweli tupu kuhusu umri, nawe ukaendelea kununua mayai dukani kwa miezi mitatu. Kwa hiyo umri usikilize, kisha kamata kuku.

Anza na kichwa. Mtetea ambaye hajakomaa ana undu (upanga wa kichwani) mdogo, mkavu, wa rangi ya waridi iliyofifia. Wiki chache kabla ya yai la kwanza undu na ndevu huvimba, hulainika na kuwa vyekundu vya kung'aa. Ni dalili nzuri lakini isikutoshe, kwa sababu joto la mchana na pilikapilika za kukimbizwa bandani humfanya hata mdogo awe mwekundu kwa muda.

Nyonga ni za kuaminika zaidi. Mpakate kuku kichwa kikiwa kimeelekea nyuma yako, mkono mmoja ukishika miguu, mwingine uupeleke chini ya mkia. Kando ya tundu la kutagia utagusa ncha mbili za mifupa, nyembamba kama vijiti vya mwamvuli. Ikiwa hata kidole kimoja kinapita kwa shida, huyo bado sana. Vidole viwili vikiingia na ncha zikawa laini zinazonesa, hesabu wiki mbili au tatu. Vitatu, anataga tayari au ataanza siku yoyote. Tazama na tundu lenyewe: la mtetea mchanga ni dogo, la duara, kavu, la anayekaribia ni pana, lenye unyevu, limelala kama mdomo.

Dalili ya tatu hujionyesha yenyewe. Ukipeleka kiganja juu ya mgongo wake anachuchumaa papo hapo na kutandaza mbawa kidogo, kana kwamba jogoo amempanda. Akifanya hivyo, mara nyingi yai halizidi wiki mbili. Kipimo hiki kinafaa kwa kuku wa kisasa na chotara (kama Sasso na Kuroiler) waliozoea watu. Kienyeji mwenye woga atakukimbia hata kama yai lipo njiani.

Kuna hila mbili za kuchunga. Ya kwanza ni majogoo kuchanganywa na mitetea, hasa kwa chotara walionunuliwa bila kutenganishwa jinsia. Kagua manyoya ya mgongoni yanayokaribia mkia: ya mtetea yana ncha ya mviringo, ya jogoo yamechongoka na yanang'aa. Ya pili ni mbaya zaidi: kuku waliomaliza msimu wa kutaga wanasafishwa na kuuzwa kama mitetea. Nyonga za huyo ni pana, kwa hiyo kipimo cha vidole peke yake kitakudanganya. Papasa ncha ya nyuma ya mfupa wa kidari. Ya mtetea ni gegedu, ukiibonyeza inapinda, ya kuku mzee ni ngumu kama kucha. Magamba ya miguu ya mtetea ni laini, yamelala. Ya mzee yameinuka na kukwaruza. Wapo wanaoamini rangi ya miguu, kwamba kuku anayetaga hupoteza umanjano. Ni kweli, lakini huku kwetu kuku hulishwa pumba na mahindi meupe, ambayo hayana rangi hiyo, na miguu inaweza kupauka tangu utotoni. Usiitegemee.

Bei nayo inaongea. Mtetea wa kisasa hula kilo sita na nusu hivi za chakula hadi kufika wiki ya 18, chotara mzito zaidi. Zidisha kwa bei ya kilo ya chakula kwenu, ongeza kifaranga na chanjo. Ukiuziwa chini ya hapo, kuna kitu kimerukwa, na mara nyingi ni chakula au chanjo. Uliza tarehe, usiridhike na "wamechanjwa": mdondo (kideri) wiki ya kwanza, marudio wiki ya tatu, halafu kila miezi mitatu, gumboro ndani ya mwezi wa kwanza, ndui kati ya wiki ya sita na ya nane. Ndui huacha makovu kwenye undu, lakini uso safi huonyesha tu kwamba hajaugua, si kwamba amechanjwa.

Kama unaweza kuchagua, mchukue akiwa na wiki 16, usimsubiri aanze kutaga kwa muuzaji. Kuku aliyeanza akisafirishwa kwenye tenga juu ya bodaboda, akabadilishiwa banda, maji na wenzake, husimama kutaga wiki moja hadi tatu, na wengine hunyonyoka manyoya. Hapo ndipo lawama nyingi kwa wauzaji huanzia, na nyingi si za haki.

Nyumbani, kosa linaloharibu mitetea wazuri ni kuwawekea chakula cha kutagia mapema "ili wawahi". Chakula hicho kina kalisi (madini ya kujenga ganda) ya asilimia 3.5 hadi 4, wakati mtetea anahitaji karibu asilimia 1 tu. Ziada huenda kuharibu figo. Endelea na growa (chakula cha kukuzia) mpaka yai la kwanza lionekane au wiki ya 18 hadi 20 kwa wa kisasa, kisha changanya nusu kwa nusu kwa wiki moja. Mpe kila kuku gramu 110 hadi 120 kwa siku. Maganda ya makome yaliyopondwa weka kwenye chombo cha pembeni, anayeyahitaji atayafuata. Sasso na Kuroiler usiwaachie chakula siku nzima, kwani mafuta ya tumboni huchelewesha mayai. Maji yasikauke hata saa chache. Anayetaga hunywa karibu robo lita kwa siku, na joto la Pwani huongeza.

Viota viwe tayari wiki mbili kabla: sentimita 30 kwa 30, kimoja kwa kuku wanne au watano, mahali penye kivuli, chini kuliko kichanja cha kulalia ili wasivigeuze kuwa vitanda. Taa si lazima kwetu, mchana wa saa 12 unatosha kuwaanzisha. Ukitaka kufikisha saa 14, ongeza mwanga alfajiri, na usifanye hivyo kwa mitetea walio chini ya wiki 16. Anayelazimishwa kuwahi hutaga mwili ukiwa haujajaa, njia ya kutagia hutoka nje, na wenzake wakiona wekundu huidonoa.

Mayai ya kwanza yatakuwa madogo, pengine moja lina viini viwili, jingine halina ganda, limelainika kama puto la maji. Usirudi kwa muuzaji kulalamika kwa hilo. Mwili unajipanga na huchukua wiki chache. Ganda laini likiendelea baada ya mwezi, chunguza kalisi na maji kwanza. Lakini kuku wa kisasa akifika wiki ya 24 na nyonga bado za kidole kimoja, mpime uzito: akiwa chini ya kilo moja na nusu, alinyimwa chakula kabla hujamnunua, na atachukua muda mrefu kufidia.