CuidadoDeSalud.gov: huduma nzuri, ila chunga hesabu ya mapato

Kwa Walatino wenye biashara ndogo Marekani, tovuti hii ya serikali ya shirikisho inafaa sana: ni HealthCare.gov, soko la bima ya afya, kwa Kihispania, na usajili hufunguliwa Novemba 1. (California na New York zina tovuti zao.) Kinachowaponza wengi ni sehemu ya mapato. Aliyejiajiri huandika makadirio ya faida ya mwaka mzima baada ya kutoa gharama, si mauzo. Ukikadiria chini, ruzuku ya bima iliyozidi hudaiwa kupitia Fomu 8962 ya kodi, na kuanzia mwaka wa kodi 2026 kiasi unachorudisha hakina kikomo; biashara ikichangamka, rekebisha makadirio mara moja. Mwenye kipato kidogo achague bima ya daraja la Silver, maana huko hata malipo ya daktari hupungua.