Accu-Chek Instant: inafuatilia sukari vizuri, lakini usiiulize kama una kisukari

Mashine hii ya kampuni ya Roche ya Uswisi ni miongoni mwa vipima sukari vya nyumbani vilivyo rahisi kutumia, na kwa kazi iliyotengenezewa sina ubishi nayo. Inatosheka na tone dogo sana la damu, inatoa jibu kwa takriban sekunde 4, inahifadhi majibu 720, na haidai kuingiziwa namba yoyote kila unapofungua kopo jipya la stripu, vile vijiti bapa vinavyopokea tone la damu. Mama mkwe wangu, ambaye ana kisukari aina ya pili, hujipima mwenyewe kabla ya chai ya asubuhi na husoma tarakimu zake bila kuhangaika kutafuta miwani.

Kando ya kioo kuna ukanda wa rangi, na mshale huonyesha kama sukari iko juu, chini au ndani ya lengo. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoisifu bila kikomo, kwa sababu nimeona watu ambao hawajawahi kupimwa hospitalini wakijitoboa kidole, wakaona kijani, wakajitangazia uzima. Rangi hiyo inalinganisha jibu na lengo la mgonjwa ambaye tayari anajulikana na anatibiwa. Haisemi lolote kuhusu asiyejulikana. Ugonjwa hutambuliwa kwa damu ya mshipa iliyopimwa maabara: 7.0 mmol/L (milimoli za sukari kwa lita ya damu) au zaidi baada ya kufunga kula kwa angalau saa 8, 11.1 au zaidi saa 2 baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, au HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ya asilimia 6.5 na kuendelea, na asiye na dalili hurudiwa kipimo kabla ya kuambiwa ana kisukari. Viwango vya kimataifa vinaruhusu vipima sukari vya nyumbani kupishana na maabara kwa asilimia 15, kwa hiyo sukari ya kweli ya 7.0 yaweza kusomeka 6.0 au 8.0 bila mashine kuwa mbovu.

Kuhusu aina ya kisukari, mashine ni bubu kabisa, na mwili wenyewe husema zaidi. Aina ya kwanza, ambapo kinga ya mwili huharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, mara nyingi huja kwa siku au wiki chache tu: mtoto anakunywa maji bila kukata kiu, anaamka usiku kukojoa au anaanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, na anakonda ilhali anakula. Akifikia kutapika, kulalamika tumbo, kupumua kwa nguvu na kutoa pumzi yenye harufu ya matunda, hiyo ni dharura, na kwetu ni rahisi mno kudhani ni malaria. Kwa mtoto kama huyo tone moja la damu kwenye mashine yoyote linaweza kuokoa maisha, ilmradi jibu likiwa kubwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Aina ya pili hunyemelea kwa miaka. Ganzi au kuwaka moto nyayoni, kidonda kisichofunga, fangasi zinazorudi ukeni au kwenye govi, macho yanayofifia, uchovu unaosingiziwa umri; na wengi hawana dalili hata moja. Si ugonjwa wa wanene peke yao, wala aina ya kwanza si ya watoto peke yao: mtu mzima mwembamba ambaye vidonge havimsaidii anastahili kuchunguzwa upya. Kisukari cha ujauzito nacho hukaa kimya, ndiyo maana wajawazito hupimwa kati ya wiki ya 24 na ya 28 hata wakijisikia vizuri.

Mkifikia kununua, piga hesabu ya stripu kwanza, kwani mashine hununuliwa mara moja lakini kopo huisha na kuisha. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi ukiwa bado dukani. Mimi niliuziwa kopo lililobakiza majuma machache, na muuzaji hakuona tatizo. Kopo lifungwe mara tu unapotoa stripu, lisiachwe kwenye gari wala karibu na jiko. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni na ikaushwe, maana kidole kilichomenya embe hutoa jibu la kutisha. Na kama ndugu amekuletea mashine kutoka Marekani, huenda inasoma kwa mg/dL (miligramu kwa desilita) badala ya mmol/L: gawanya kwa 18, na ile 108 iliyokushtua itakuwa 6.0.