Darasa la tenisi la Jumamosi: mkono umefundishwa, mechi haijachezwa

Kwa Jumamosi kumi mfululizo nimekuwa nikimpeleka binti yangu wa miaka tisa katika darasa la tenisi la watoto kwenye klabu moja ya Nairobi, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa nina malalamiko, na malalamiko yenyewe yangeweza kupelekwa katika klabu nyingine kadhaa za mji huu bila kubadilishwa hata nukta. Ada ni shilingi 12,000 kwa muhula, yaani shilingi 1,200 kwa kila kipindi cha saa moja na nusu, pamoja na raketi ya kuazima kwa mtoto asiye na yake. Tulijiandikisha kwa sababu moja tu. Binti yangu aliona picha ya mchezaji wa tenisi Angella Okutoyi akiwa ameshika kombe la Wimbledon, akauliza huyo ni wa wapi, na alipoambiwa kwamba amekulia hapa hapa Nairobi hakutaka tena kusikia habari ya kuogelea. Kwa hiyo ninalipima darasa hili kwa kipimo alichokichagua mteja mwenyewe: je, linamweka mtoto kwenye njia aliyopita Okutoyi, au linamfanyisha mazoezi ya viungo akiwa na raketi mkononi?

Nianze na uwanja, kwa kuwa ndio uliotupokea vizuri kuliko watu wote. Ni uwanja wa udongo mwekundu, na ukifika saa mbili kasorobo asubuhi utawakuta wafanyakazi wawili wakiumwagilia kwa mpira wa maji, kisha mmoja anauzunguka akiburuta wavu mpana nyuma yake, akitoka kingoni kuelekea katikati mpaka alama zote za jana zinafutika. Mistari haikupakwa chokaa, bali ni utepe mweupe uliopigiliwa misumari, na mfanyakazi wa pili huufagia kwa ufagio wa mkono akiwa ameinama, mstari baada ya mstari, kabla mtoto yeyote hajaruhusiwa kukanyaga. Udongo huo una faida ambayo sikuitarajia: kila mpira huacha alama. Mtoto akidai kwamba mpira umetoka, kocha humtaka aende mwenyewe kuionyesha alama, aizungushie duara kwa ncha ya raketi, kisha aseme tena. Mara nyingi maneno hubadilika njiani.

Mipira wanayotumia ni ile ya rangi ya machungwa, ambayo mwendo wake ni nusu ya ule wa mpira wa kawaida, na uwanja umefupishwa kutoka mita 23.77 hadi 18. Jambo hili ni la maana zaidi Nairobi kuliko miji ya pwani, kwa sababu tuko katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, na mpira wa kawaida unaruka juu na kukimbia kiasi kwamba mtoto wa miaka tisa anajikuta akiupiga ukiwa usawa wa masikio. Nimeshuhudia darasa jingine mjini ambako watoto wa umri huo huo walipewa mipira ya njano iliyochakaa, wakawa wanaikimbilia nyuma ya uwanja kama wanaofukuza kuku. Hapa hilo halikutokea hata mara moja, na kwa hilo pekee klabu inastahili sehemu kubwa ya ada yake.

Kocha ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, aliyeanza kama muokota mipira katika klabu hiyo hiyo kabla hajapata cheti cha ukocha. Hapigi kelele. Wiki tatu za kwanza hakumruhusu mtoto yeyote kupiga mpira kwa nguvu. Waliushika kwa mkono, wakaurusha, wakauacha udunde, kisha wakausukuma tu kwa raketi, huku yeye akitazama miguu badala ya mikono. Siku moja nilijisahau nikamwambia binti yangu kutoka nje ya wavu aupige kwa nguvu. Kocha alikuja taratibu akanisalimia kwanza, kisha akasema, “Mzee, usimwambie apige kwa nguvu. Mwambie apige tena.” Tangu siku hiyo nimekuwa nikikaa kwenye benchi la mbali, chini ya mjakaranda, na kazi yake nimeielewa vizuri zaidi nikiwa kimya. Kufikia wiki ya nane, binti yangu na mwenzake waliweza kurudishiana mpira mara ishirini na moja bila kuuangusha, na mkono wake wa nyuma, yaani pigo la kuvusha mkono mbele ya mwili, ambao mwanzoni ulikuwa unakata hewa, sasa unakutana na mpira mbele ya mwili jinsi unavyotakiwa.

Mengine yanapita haraka. Vyoo ni safi. Maji ya kunywa yapo ila hayatoshi kwa watoto kumi na wawili. Raketi za kuazima ndizo dhaifu: wiki ya kwanza binti yangu alipewa ya inchi 27, ambayo ni ya mtu mzima, na ilinibidi niombe mara mbili ndipo ikapatikana ya inchi 25, nayo nyuzi zake zilikuwa zimelegea hadi unaweza kuzisogeza kwa kidole. Mwenye uwezo na anunue yake.

Sasa nifike kwenye lalamiko lenyewe. Jumamosi ya saba mvua ilikuwa imenyesha usiku, darasa likachelewa kuanza, na watoto walipokuwa wakisubiri uwanja ukauke niliwauliza hesabu ya tenisi inavyokwenda. Kati ya wale kumi na wawili, mmoja tu ndiye aliyejua kwamba baada ya 30 inakuja 40, naye alijifunza kwa kaka yake. Hawakujua kwa sababu hawajawahi kuhesabu, na hawajawahi kuhesabu kwa sababu katika muhula mzima hakuna mechi hata moja. Wamefundishwa kuupiga mpira, hawajafundishwa kuushindania. Hapo ndipo darasa linapoachana na Okutoyi, maana ukiifuata historia yake hatua kwa hatua utaona kwamba kilichompandisha ni mashindano, moja likimfungulia jingine.

Historia hiyo inajulikana kwa sehemu. Alizaliwa mwaka 2004, yeye na pacha wake, na mama yao alifariki katika kujifungua, wakalelewa na nyanya yao. Vyombo vya habari hupenda kuishia hapo, kwenye machozi, na sidhani kama vinamtendea haki. Machozi hayakumpeleka popote. Alipelekwa na utaratibu: alionekana katika mashindano ya watoto, akachukuliwa kwenye kituo cha mafunzo cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF) mjini Bujumbura, ambako mchezaji halipiwi makazi na kocha tu bali pia safari za kwenda kucheza. Mwaka 2021 alitwaa ubingwa wa Afrika wa vijana nchini Tunisia. Januari 2022 alikuwa Melbourne, kwenye Australian Open ya vijana, ambako alimshinda Federica Urgesi wa Italia katika raundi ya kwanza na kuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika Grand Slam ya vijana, yaani mojawapo ya mashindano manne makubwa ya tenisi, kisha akamtoa Zara Larke wa Australia mbele ya mashabiki wake mwenyewe. Julai mwaka huo huo, kwenye nyasi za Wimbledon, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa taji la wasichana la wachezaji wawili wawili.

Fainali hiyo naomba tuitazame kwa karibu, kwa sababu inaeleza ninachokilalamikia kuliko hoja yoyote. Okutoyi na Nijkamp walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, na badala ya seti ya tatu ikachezwa tai-breki ya pointi kumi, yaani hesabu fupi ya kuamua mshindi, ambayo waliishinda 11-9. Katika tai-breki ya namna hiyo mshindi lazima aongoze kwa pointi mbili, kwa hiyo 11-9 maana yake ni kwamba walifika 9-9, wasichana wanne wakiwa wamesimama kwenye nyasi, kila mmoja akijua kwamba pointi mbili zinazofuata zinaweza kumaliza kila kitu. Kwenye 9-9 mkono wa kila mmoja wao ulikuwa umefundishwa vya kutosha. Kinachosaidia pale ni kuwahi kufika hapo kabla, kwenye uwanja wa udongo usio na watazamaji, ukapoteza, ukalia, ukarudi wiki iliyofuata.

Waliokuwa ng’ambo ya wavu siku hiyo walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, na huyu Mboko, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, alikuwa na miaka 15 tu. Aliyeshindwa siku ile ndiye aliyepanda haraka zaidi baadaye. Mwaka 2025 aliuanza akiwa nje ya wachezaji 300 bora wa dunia, akashinda mechi 22 mfululizo katika mashindano madogo ya ITF, yale ambayo hayaonyeshwi kwenye televisheni yoyote, huko Martinique, Guadeloupe, Marekani na Uingereza. Mwishoni mwa Julai aliingia kwa nafasi ya upendeleo katika mashindano ya WTA 1000 ya Montreal, daraja la wanawake lililo chini ya Grand Slam, akiwa nambari 85 wa dunia, akawatoa Sofia Kenin, Coco Gauff na Elena Rybakina, wote mabingwa wa Grand Slam, na katika fainali akamshinda Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1. Dhidi ya Rybakina alikuwa amebakiwa na pointi moja tu ya kutolewa. Sisemi kwamba Mboko ana kipaji kumzidi Okutoyi. Ninachosema ni kwamba mchezaji wa Kanada ana mahali pa kucheza mechi ngumu wiki baada ya wiki, ilhali mwenzake wa Kenya lazima avuke mipaka kuzitafuta. Okutoyi mwenyewe alilielewa hilo alipokwenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, mwanzoni mwa mwaka 2023, kwa ufadhili wa masomo, maana ligi ya vyuo vya Marekani ni mechi baada ya mechi. Machi 2024 aliondoka na dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika mjini Accra, lakini hata dhahabu hiyo haikumfikisha Olimpiki ya Paris, kwa kuwa sharti lilikuwa awe pia ndani ya nafasi 400 bora za dunia, na nafasi hizo hazitolewi kwa medali, hutolewa kwa pointi, na pointi hupatikana kwa kusafiri na kucheza.

Njia hiyo si ngeni kwetu. Paul Wekesa aliipita zamani, akafika nafasi ya 100 ya dunia katika miaka ya 1990 na kutwaa mataji matatu ya wachezaji wawili wawili ya ATP, yaani mashindano ya kulipwa ya wanaume. Mtoto wa miaka tisa ana miaka minne ya kusubiri kabla hajaruhusiwa kuingia mashindano ya vijana ya ITF, ambayo huanzia miaka 13, na katika miaka hiyo minne mechi zake zote lazima zitoke kwenye klabu kama hii.

Nilimpelekea kocha maneno haya, kwa adabu, baada ya kipindi cha tisa. Hakunipinga. Alieleza kwamba kuanzia saa nne viwanja ni vya wanachama, kwa hiyo muda wa mechi haupo, na kwamba muhula uliopita alijaribu kuwachezesha watoto kwa alama, mmoja akashindwa akalia, na Jumatatu ofisi ikapigiwa simu na mzazi. Tangu hapo akaacha. Hoja ya kwanza naielewa. Ya pili inaniudhi, na wa kulaumiwa si yeye, ni sisi wa kwenye benchi, tunaolipa shilingi 1,200 ili mtoto arudi nyumbani akicheka. Wala jambo lenyewe halihitaji fedha nyingi: uwanja mmoja wa mita 18 unatosha watoto wanne wawili wawili, tai-breki ya pointi saba inakwisha kwa dakika kumi, na ubao wa chokaa wa kuandikia majina upo tayari ukutani karibu na kantini, ukiwa umeandikwa bei ya chapati.

Kwa mzazi anayetaka mtoto wake aujue mchezo, apate kocha mvumilivu na uwanja unaotunzwa, nalipendekeza darasa hili bila kusita, na sijaona jingine linalolizidi kwa ada hiyo. Kwa mzazi ambaye mtoto wake ameliiga kombe la Okutoyi kwa karatasi ya dhahabu na kulibandika juu ya kitanda, kama wa kwangu, ada hiyo inanunua nusu ya kazi, na nusu ya pili itabidi aitafute kwa kupiga simu klabu nyingine kuuliza kama zina mashindano ya chini ya miaka kumi. Mimi nimepiga tatu. Moja imejibu, na Jumamosi ya pili ya mwezi ujao tutakuwa huko saa moja na nusu asubuhi.

Kocha, aliposikia, aliuliza kama anaweza kuja kutazama. Pia amesema kwamba muhula ujao Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi itakuwa ya mechi, ofisi ikikubali. Nimelipa nusu ya ada. Nyingine nitaimalizia ubao ule ukishafutwa chapati.