Biti alinipa tamu, tangi akaniachia bwawa

Saa tisa usiku, hapa Migosi, Kisumu, nilikuwa nimesimama matopeni na kaptura, tochi ya simu mdomoni, nikitazama lita 1,000 za maji zikielekea kwenye banda la kuku la jirani. Na si maji ya mfereji. Mfereji ulikuwa umekauka siku ya tatu. Hayo yalikuwa maji ya mkokoteni, mitungi hamsini ya lita ishirini, nimelipia mmoja mmoja. Kwa hivyo mkiona naandika kwa hasira, mjue hasira yenyewe imelowa.

Lakini nisimuonee mtu. Mara ya kwanza nilipoenda kwa huyu fundi mzee aliyeniziba tangi lililomwaga hayo maji, upande wa Kibuye kule wanakogongagonga mabati, nilitoka nikimsifu kwa kila mtu. Nilikuwa nataka biti ndefu ya drili, ya kupenya ukuta wa mawe nipitishe waya. Za dukani ni ghali na za kuchomelewa kwa welding ya kawaida huwa zimepinda, ukiwasha drili inacheza kama mkia wa mbwa. Mzee akasema, "Hiyo haitaki fito za kuchomelea. Inataka kusuguliwa." Ana mashine ya lethi kuukuu, ile ya kuzungusha chuma kikichongwa, rangi imebanduka yote. Akafunga ufito wa chuma upande unaozunguka, mkia wa biti yangu akaukaza upande wa pili usizunguke, akawasha, akaanza kusukuma.

Jamani. Kwanza ni kelele ya kukereketa meno. Halafu pale vinapogusana chuma kikawa chekundu, kikawa rangi ya chungwa, na kola ikaanza kujikunja kwa nje, chuma laini kama unga uliokandwa. Mzee akazima ghafla huku bado anasukuma. Basi. Hakuna gesi, hakuna tone lililodondoka, maana chuma hakikuyeyuka, kililainika tu kikashikana, na uchafu wote ukasukumwa nje na ile kola. Akaisaga kola, akaniviringishia biti kwenye meza. Imenyooka. Mpaka leo natobolea nayo.

Mimi ni fundi wa stima, kwa hivyo jambo lenyewe halikuwa geni sana. Zile lagi zetu za kuunganisha waya wa alumini na shaba, upande mmoja alumini na mwingine shaba, nyingi huunganishwa hivyo hivyo kiwandani: kimoja kinazungushwa, kingine kinakandamizwa. Ukivifunga viwili hivyo kwa boliti peke yake, unyevu ukiingia kiungo kinaliwa, kinaanza kupata moto, na siku moja unapigiwa simu usiku nyumba inanuka plastiki iliyoungua. Kuviona viwandani vimetengenezwa ni kitu kimoja. Kumuona mzee mwenye ndala akifanya yake mbele yako ni kingine. Ningempa nyota tano na ya sita mfukoni.

Ndiyo maana tangi lilipopasuka karibu na koki, ufa wa urefu wa kidole, sikuuliza mtu mwingine.

Alikuja mwenyewe na kijana wake. Plastiki nayo husuguliwa: unakata kijiti cha plastiki, unakifunga kwenye drili mahali pa biti, unakizungusha kwa kasi huku unakikandamiza kwenye ufa. Ncha inayeyuka, inaujaza ufa. Njia nzuri sana kwa tangi, kwa sababu tangi hizi nyeusi ni polithini, na polithini haishiki gundi. Paka gundi yoyote ya dukani, kesho utaibandua kwa kucha.

Sasa mzee akatoa mguu wa kiti. Kile kiti cheupe cha plastiki cha matanga. Akaanza kuukata vijiti.

Nikaugeuza ule mguu, nikatazama kipande cha kalio kilichobaki nao. Pembetatu, ndani namba 5, chini PP. Hiyo ni polipropilini. Nikamwambia kwa adabu zote, "Mzee, hii na tangi si plastiki moja. Hii inayeyuka kwenye nyuzi kama 160, tangi linalainika mapema zaidi. Zitalaliana tu, hazitaingiana."

Aliniangalia kutoka juu mpaka chini. Mama watoto yuko mlangoni, majirani wawili kwenye ukuta, watoto wote wa ploti wamechuchumaa kutazama drili.

"Omera," akasema, "wewe rudi kwa nyaya zako. Nilianza kazi hii ukiwa bado unapanguswa kamasi."

Watu wakacheka. Mama watoto naye akacheka! Na huyu mtu anatumia stima yangu, ekstensheni yangu, amekalia stuli yangu, na chai yangu iko mkononi. Mpaka leo naipanga ile sentensi kichwani nikitafuta jibu ambalo ningempa. Nimepata majibu mazuri matatu, yote yamechelewa.

Hakutoboa hata tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia. Hakukwangua. Alisugua mguu wa kiti juu ya uchafu wa tangi, mstari mweupe ukatokea juu ya plastiki nyeusi, akaupapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe wake, akataka pesa. Nikalipa. Hapo ndipo ninapojikasirikia mwenyewe kuliko ninavyomkasirikia yeye. Nilijua, na nililipa.

Siku chache baadaye nikajaza tangi. Usiku ule ule ndio wa kuku.

Asubuhi nilishika ncha ya ule mstari mweupe, nikavuta. Ulitoka mzima, kama utando wa maziwa juu ya chai, na chini yake tangi linang'aa halina hata alama. Tangi za mafuta za roketi zinaunganishwa kwa msuguano. Kuna njia ya pini inayozunguka na kuukoroga mshono, Waingereza wa TWI, taasisi ya mambo ya uchomeleaji, waliivumbua mwaka 1991. Roketi zinapaa! Langu ni la kuogea watoto, limekaa tu juu ya mawe.

Nilimpigia simu. Akasema tangi langu ni chafu. Akakata.

Kwa hivyo hapo nilikuwa nimeamua: nyota sifuri, na msimkaribie.

Ila jioni yule kijana wake alikuja mwenyewe, bila kutumwa, drili ndani ya mfuko wa unga. Hakusema mengi. Akauliza kama nina kipande chochote kilichokatwa kwenye tangi lenyewe. Kipande kilikuwepo: lile duara lililotoka fundi wa bomba alipotoboa tundu la maji ya kufurikia, ambalo mtoto wangu alikuwa amelifanya gurudumu la gari lake la mkebe. Mazungumzo ya kulipata yalikuwa marefu kuliko kazi. Tulimaliza kwa mandazi mawili.

Kijana akatoboa vitundu viwili kwenye ncha za ufa, akaupanua ufa kwa kisu kama mfereji wenye umbo la V, akapangusa, akakausha, akakata gurudumu vijiti. Ndipo akasugua, polepole, akingoja ukingo wa tangi lenyewe ulainike kabla ya kusogea. Nyeusi juu ya nyeusi. Ilipopoa nikajaribu kuinua kwa bisibisi, ikakataa. Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu siku ile. Akatazama drili yake. "Ni mzee wangu," akasema.

Tangi limekaa sasa msimu mzima wa mvua. Kila asubuhi napitisha kidole pale, pakavu.

Juzi mama mwenye ploti ameniuliza nani alinitengenezea, nikamwambia ni kijana mmoja, karakana sikuitaja, nilifurahia kutoitaja. Kisha akaleta mkono wa mashine yake ya kusaga njugu, ufito wake umekatika vipande viwili, akauliza kama kuna mtu wa kuuunganisha unyooke. Nikashika vile vipande, nikavipanga ncha kwa ncha. Ni kazi ya lethi. Kijana hana lethi.

Nikamwelekeza kwa mzee. Nimemwambia tu asimpe chai kabla hajamaliza.