Ukiuziwa Mbuzi kwenye Gunia Nje ya Mpaka: Ni Huduma Ipi Inarudisha Fedha?

Bidhaa iliyoagizwa kutoka nchi nyingine ikifika mbovu, au isipofika kabisa, mnunuzi hana kaunta ya kurudi kudai haki yake. Ana huduma kadhaa za kimataifa za kukimbilia, na zote hujitambulisha kuwa zinamlinda mlaji. Hazilingani hata kidogo. Nyingine zinarudisha fedha, nyingine zinapokea malalamiko na kuyahifadhi, nyingine zinafaa tu kama mnunuzi alizipitia kabla hajatoa hela. Tathmini hii inazipima kwa swali moja: mlaji aliyedhulumiwa anaondoka na nini mkononi?

Swali hilo ni zito kwa sababu fidia ni haki iliyochelewa kuzaliwa. Katika ujumbe wake kwa Bunge la Marekani tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy alitaja haki nne za mlaji: usalama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Kulipwa hasara hakumo. Vyama vya walaji vyenyewe, chini ya shirikisho lililoanzishwa mwaka 1960 ambalo leo linaitwa Consumers International, ndivyo vilivyoongeza nyingine nne, fidia ikiwa mojawapo. Umoja wa Mataifa ukapitisha Mwongozo wa Kumlinda Mlaji mwaka 1985, ukaupanua mwaka 1999 na kuurekebisha tena Desemba 2015, safari hii ukitamka kwamba anayenunua mtandaoni asilindwe chini ya kiwango cha anayenunua kwa njia nyingine. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo mwongozo haumfungi muuzaji. Kila nchi huamua yenyewe itunge sheria gani, na sheria hiyo mara nyingi huishia mpakani.

Ndiyo maana huduma inayoongoza kwa mbali katika tathmini hii ni kupinga malipo ya kadi. Mnunuzi analalamika kwa benki iliyompa kadi. Benki hiyo inadai fedha kutoka benki ya muuzaji kupitia mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, nayo benki ya muuzaji inamkata mteja wake fedha hizo na kumtaka ajieleze. Mlaji halazimiki kujua muuzaji yuko nchi gani, anasema lugha gani wala mahakama yake iko wapi. Kwa kawaida huduma hii hufanya kazi kwa kadi za mkopo na kwa kadi za kawaida za akaunti pia, jambo ambalo watu wengi hawalijui, na hata baadhi ya wahudumu wa benki hulikanusha kwenye simu. Ukijibiwa hivyo, omba jibu kwa maandishi.

Katika nchi nyingi hii ni kanuni ya kampuni za kadi, si sheria. Chache zimeenda mbali zaidi. Uingereza, kwa kifungu cha 75 cha sheria yake ya mikopo ya mwaka 1974, humfanya mtoa kadi ya mkopo awajibike sawa na muuzaji kwa kitu chenye bei ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000. Marekani ilitunga yake mwaka huohuo: mwenye kadi ya mkopo ana siku 60 tangu alipotumiwa taarifa ya akaunti yenye kasoro kuandika barua ya kupinga. Sehemu nyingine, kinachotawala ni masharti ya kadi.

Muda ndio unaoua madai mengi. Kiwango cha kawaida kwenye kanuni za kadi ni siku 120, lakini swali ni zinahesabiwa kuanzia lini. Kwa mzigo ambao haukufika, kanuni za Visa huhesabu kuanzia siku ya mwisho mnunuzi alipotarajia kuupokea, mradi jumla isizidi siku 540 tangu malipo yalipopita. Hii inamwokoa aliyelipia tiketi au huduma miezi mingi kabla. Upande wa pili, kwenda mapema mno nako kunaharibu: kama hakukuwa na tarehe ya kufikisha mzigo iliyotajwa, benki hutakiwa kusubiri siku 15 tangu malipo kabla ya kufungua madai. Wauzaji wasio waaminifu wanaijua kalenda hii kuliko wanunuzi. “Mzigo uko forodhani.” “Tupe wiki moja.” “Tukurudishie asilimia 20 uendelee kukitumia.” Kila jibu linakula siku. Mwandikie muuzaji mara moja, mpe tarehe ya mwisho, na ikipita nenda benki bila kusubiri barua nyingine.

Kosa la pili ni kuchagua sababu isiyo sahihi. Visa hugawa sababu kwa namba: 13.1 ni kitu hakikufika, 13.3 ni kibovu au hakifanani na maelezo, 13.4 ni bandia, 13.6 ni fedha zilizoahidiwa kurudishwa hazikurudishwa. Malipo ya mtandaoni yaliyofanywa na mwizi wa kadi yamo kwenye kundi jingine kabisa, 10.4. Mtu aliyenunua mwenyewe kisha akabonyeza “sikufanya muamala huu” kwa sababu kitufe kilikuwa karibu, anashindwa mara moja: muuzaji anatoa barua pepe zake, anwani yake na risiti, kesi imekwisha. Zaidi ya hapo, kwa kusema ni wizi, benki huifunga kadi na mlaji hubaki bila kadi na bila fedha.

Ushahidi unaotosha hauhitaji wakili. Picha ya skrini ya tangazo la bidhaa kama lilivyokuwa siku ya kununua (piga siku hiyohiyo, kwa kuwa tangazo hubadilishwa), uthibitisho wa oda, taarifa ya akaunti, mawasiliano yote na muuzaji, na kwa kitu kibovu, picha au video fupi inayoonyesha kasoro pamoja na lebo ya kifurushi. Eleza kwa sentensi tano au sita: nini kiliahidiwa, nini kilifika, lini, uliomba nini, ulijibiwa nini. Mhudumu wa benki anasoma mafaili mengi kwa siku. Hasira ya kurasa tatu humfichia ushindi wako.

Kwa kitu kibovu kuna sharti linaloangusha wengi: lazima uwe umekirudisha au umejaribu kukirudisha. Usikitupe, usikigawe. Andika kuomba anwani ya kurudishia. Muuzaji akikataa au akinyamaza, ukimya huo ni ushahidi. Akitoa anwani, tuma kwa huduma yenye namba ya kufuatilia na utunze risiti ya posta, kisha subiri siku 15 kabla ya kudai. Wapo pia wauzaji wanaotuma kitu cha bei rahisi kwa anwani nyingine katika mji wa mnunuzi ili namba ya kufuatilia ioneshe “umefika”. Dawa yake ni kuomba kampuni ya usafirishaji ithibitishe kwa maandishi anwani iliyofikishiwa na uzito wa kifurushi. Kifurushi cha gramu 40 hakiwezi kuwa na viatu.

Fedha zikirudi mapema, mara nyingi zimerudi kwa muda tu. Muuzaji ana nafasi ya kujibu, kwa kawaida kama siku 30, na akishinda zinakatwa tena, kwa hiyo zisitumike kabla benki haijasema kesi imefungwa. Muuzaji akikwambia “futa madai kwanza, kisha nakulipa”, usifute. Madai yaliyoondolewa na mnunuzi mwenyewe ni shida kuyafungua upya.

Udhaifu wa huduma hii ni kwamba inamfuata aliyelipa kwa kadi peke yake. Uhamisho wa benki, fedha za simu zilizotumwa moja kwa moja kwa mtu, na sarafu za kidijitali havina mlango wa namna hii. PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, ina utaratibu wake: siku 180 tangu malipo kufungua mgogoro, kisha siku 20 za kuupandisha kuwa dai. Zikipita siku hizo 20 mgogoro hujifunga wenyewe, na hapo ndipo muuzaji mpole anayekuomba subira hushinda.

Huduma ya econsumer.gov inapata alama za chini kwa swali letu, ingawa ina kazi yake. Ilianzishwa mwaka 2001 na mtandao wa mamlaka za kulinda walaji unaojulikana kama ICPEN. Unajaza jina la kampuni, tovuti yake, nchi yake, kiasi na njia ya malipo, na taarifa inaingia kwenye hazina inayosomwa na mamlaka za nchi wanachama. Hawatakuwakilisha, hawatakurudishia fedha. Faida ni ya wote: malalamiko mia juu ya tovuti moja huipa mamlaka sababu ya kuifungia. Jaza baada ya kufungua madai benki, si badala yake. Jukwaa la Umoja wa Ulaya la kusuluhisha migogoro ya ununuzi mtandaoni lilifungwa tarehe 20 Julai 2025, hivyo tovuti ya duka inayoelekeza malalamiko huko inampeleka mnunuzi kwenye mlango uliofungwa.

Masijala za bidhaa hatari zinafanya kazi vizuri kwa anayejua kuzisoma. OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, ina lango la GlobalRecalls, lililozinduliwa mwaka 2012, linalokusanya matangazo ya nchi nyingi, na Umoja wa Ulaya una Safety Gate. Tangazo zuri hutaja modeli, namba ya bechi, picha, aina ya hatari na hatua iliyochukuliwa. Namba ya bechi ndiyo muhimu kuliko yote. Mistari ya msimbo pau haitoshi, kwa kuwa tarakimu zake 13 hutambulisha aina ya bidhaa, si bechi iliyotoka kiwandani siku fulani. Tarakimu zake tatu za mwanzo hazisemi bidhaa imetengenezwa wapi. Zinaonyesha tu ni ofisi ya nchi gani iliyotoa namba kwa kampuni. Imani kwamba unaweza kukwepa bidhaa za nchi fulani kwa kusoma tarakimu hizo imeenea sana, na ni potofu. Pengo kubwa la masijala hizi ni bidhaa zisizo na chapa zinazouzwa kwenye masoko ya mtandaoni, kama chaja na vitu vya watoto: hazina jina la kutafuta. Tafuta kwa aina na picha, na ukikuta kifaa chako, acha kukitumia siku hiyohiyo kabla ya kuandika kwa muuzaji.

Taasisi za upimaji hazirudishi fedha, zinazuia zisipotee. Consumer Reports ya Marekani ina mizizi ya mwaka 1936, Which? ya Uingereza mwaka 1957, Stiftung Warentest ya Ujerumani mwaka 1964. Uzito wao unatokana na kununua bidhaa dukani kama mteja yeyote badala ya kupokea sampuli iliyoteuliwa na kiwanda. Hatari ni kusoma matokeo ya modeli ambayo siyo yako: herufi moja mwishoni mwa namba ya modeli inaweza kumaanisha mota nyingine. Linganisha namba nzima.

Liko eneo moja ambalo fidia ya kuvuka mipaka ina meno, kwa sababu mataifa yalijifunga kwa mkataba badala ya mwongozo: mizigo ya ndege. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unampa abiria siku 7 tangu kupokea begi lililoharibika, na siku 21 tangu kukabidhiwa lililochelewa, kulalamika kwa maandishi. Kufungua kesi ni ndani ya miaka miwili. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo wa fidia ni vizio 1,519 vya SDR, kipimo cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa kila abiria. Wengi hupoteza haki hii wakidhani fomu waliyojaza uwanjani inatosha. Tuma barua pepe tofauti kwa shirika la ndege ndani ya siku hizo, ikiwa na namba ya fomu, namba ya lebo ya begi, orodha ya vitu na bei zake, na risiti za ulivyolazimika kununua wakati begi halipo.