KGDB kwa kebo ya siriali: uzoefu wangu na mashine inayoanguka katikati ya kazi

Naitumia KGDB, chombo cha kuchunguza hitilafu ndani ya kerneli (kiini cha Linux), kwenye draiva za Linux: mashine moja inachunguzwa, nyingine inaendesha GDB, programu ya kutoa amri za uchunguzi, katikati kuna kebo ya siriali. Chombo kinaaminika. Ila ukikosea maandalizi mashine inaanguka, halafu lawama anatupiwa KGDB.

Imo ndani ya kerneli tangu toleo 2.6.26 la mwaka 2008, kwa hiyo hakuna cha kupakua. Washa CONFIG_KGDB, CONFIG_KGDB_SERIAL_CONSOLE, CONFIG_DEBUG_INFO na CONFIG_GDB_SCRIPTS, kompaili, kisha kwenye mstari wa kuwashia kerneli ongeza kgdboc=ttyS0,115200 nokaslr (nokaslr huizuia kerneli kubadilisha anwani zake kila inapowashwa). Kebo iwe ya null modem: pini 2 na 3 zipishane, 5 iende moja kwa moja. Adapta ya USB ikae upande wa GDB tu. Mashine inayochunguzwa inataka poti halisi, kwa sababu kerneli ikishasimama KGDB husoma herufi mojamoja kwa kuiuliza poti yenyewe, na adapta za USB haziwezi hilo.

Kasi ni ndogo, na hapa wengi hudhani imekwama. 115200 ni herufi 11,520 kwa sekunde, na kila baiti ya memori husafiri kama herufi mbili. Ukiomba MB 1, subiri dakika tatu na zaidi. Usichomoe kebo.

Sasa kuanguka kwenyewe. Mashine ikijiwasha upya baada ya kusimama kwenye breki (breakpoint, mahali ulipoamuru kerneli isimame) uliyoweka, pima muda kwa saa, mara mbili tatu. Ukiwa uleule kila mara, ni watchdog ya kwenye bodi, saa inayowasha upya mashine isipoguswa kwa muda. Yenyewe haijui kwamba umeisimamisha kerneli kwa makusudi. Inachoona ni kwamba hakuna anayeigusa, basi inaiwasha upya mashine. Weka RuntimeWatchdogSec=0 kwenye mipangilio ya systemd, na kwa bodi nyingi za Intel ongeza modprobe.blacklist=iTCO_wdt kwenye mstari wa kuwashia kerneli.

Kosa baya kuliko yote ni vmlinux (faili ya kerneli ambayo GDB husoma anwani zake) isiyolingana na kerneli inayoendeshwa. Kwenye x86, breki ni baiti moja tu, 0xCC, inayoandikwa juu ya mwanzo wa agizo. Funksheni ikiwa imesogea hata baiti chache kwa sababu ulikompaili upya, 0xCC inatua katikati ya agizo jingine, na kerneli inaanguka mahali pasipohusiana kabisa na unachokitafuta. Unaweza kupoteza siku nzima ukiisaka hitilafu uliyoitengeneza mwenyewe. Endesha readelf -n vmlinux, linganisha Build ID (alama ya utambulisho wa kila kompaili) na ile iliyomo kwenye /sys/kernel/notes. Kusahau nokaslr kuna nafuu: mara nyingi GDB inakataa palepale, ikidai haiwezi kufikia memori kwenye anwani hiyo.

Ukiona “Recursive entry to debugger”, umeweka breki kwenye njia ambayo KGDB yenyewe inapita, kwa mfano draiva ya poti ya siriali. CONFIG_KGDB_HONOUR_BLOCKLIST huzuia baadhi, si zote. Isogeze breki juu, kwa funksheni inayoiita ile.

Konsoli na GDB zikishiriki poti moja, ujumbe wa kerneli huchanganyika na pakiti na GDB hulalamika. Dawa ni agent-proxy, programu inayotenganisha mikondo hiyo miwili: agent-proxy 4440^4441 0 /dev/ttyUSB0,115200: konsoli unaifungua kwa telnet kwenye 4440, GDB unaipeleka localhost:4441. Kama poti iko mbali na unaifikia kwa ser2net (programu inayopitisha poti ya siriali kwenye mtandao), chagua raw, maana telnet huongeza herufi zake.

Hitilafu za CPU mbili kugombea data, siitumii KGDB kabisa kuzisaka. KGDB husimamisha CPU zote, na hitilafu hujificha; ftrace, kirekodi cha matukio ya kerneli, inafaa zaidi.

Ukimaliza, andika detach. Ukifunga dirisha la GDB tu wakati kerneli inaendelea, breki zinaweza kubaki ndani yake. Ikigonga mojawapo itasimama kimya ikimsubiri mtu asiyekuwepo, na utadhani imekufa. Kabla ya kubonyeza kitufe cha umeme, rudisha GDB kwa target remote (KGDB hufuta breki za zamani yenyewe GDB inapounganishwa upya), kisha continue.